Kadi Mbili

Baba yangu ana kadi moja ya karatasi ngumu anayoitumia kushika ukurasa kwenye Biblia yake. Imefifia, kona moja imekatwa mshazari, na imejaa vitundu vidogo vya mstatili. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni tiketi ya treni ya zamani. Siku nilipomuuliza alicheka, akaniambia, "Huo ni mshahara wa mtu, mwanangu. Jina lake, namba yake na siku alizofanya kazi. Vyote vimo humo kwenye vitundu."

Baba alikuwa mtoboa kadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliajiriwa katika ofisi moja ya umma Dar es Salaam iliyokuwa na kompyuta. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya mashine iliyofanana na taipureta kubwa na kugeuza karatasi za mahudhurio kuwa vitundu. Kompyuta yenyewe ilikaa chumba cha ndani chenye kiyoyozi, naye aliruhusiwa kuingia humo mara chache tu. Leo ana zaidi ya miaka sabini na anaishi nami hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwaka 2024, nilipokuwa nahangaika kuchagua kadi ya picha ya kompyuta yangu, ndiye aliyeniuliza maswali ambayo mafundi wote wa mitandaoni hawakuniuliza.

Mimi napiga na kuediti video za harusi, send-off, kipaimara na, inapobidi, misiba. Kazi hii imekua pamoja na mji. Wazo la kuhamishia makao makuu Dodoma lilipitishwa mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, ikaundwa mwaka huo huo, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini wizara nyingi zilibaki pwani. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhama kwa dhati. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini ikiwa na watu 410,956. Ya 2022 ikawakuta 765,179. Watumishi walikuja na watoto wao, watoto wakakua, wakaanza kuoana. Kila Jumamosi ukumbi fulani una matarumbeta, na mtu fulani anahitaji video.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, lile boksi la wima lililotoka kwenye ofisi ya Ulaya au Marekani. Ina prosesa ya mwaka 2014 yenye viini vinne na ramu ya GB 16, na haikuwa na kadi ya picha. Video ya saa mbili, ikishawekewa rangi na maandishi, ilichukua usiku mzima kurenda. Usiku huo umeme ukikatika, unaanza upya. Na miezi ya mwisho ya 2023 na ya mwanzo ya 2024 umeme ulikatika sana. Ulikuwa msimu wa mgao.

Kosa langu la kwanza nalisema wazi kwa sababu lilinigharimu. Nilinunua kadi kubwa. Ilikuwa na kumbukumbu ya GB 8 na feni mbili, na bei yake ilikuwa ya kuvutia. Muuzaji hakuficha kwamba ilitoka kwenye mashine za kuchimba sarafu za kidijitali. Nyakati zile kadi kama hizo zilikuwa zimejaa sokoni duniani kote. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili namna yake ya kuthibitisha miamala, na kwa siku moja kazi ya kuchimba Ethereum kwa kadi za picha ikaisha. Watu waliokuwa na kadi kumi, ishirini au mia wakaanza kuziuza. Baadhi zilivuka bahari, na moja ikafika mezani kwangu.

Kadi ile ilitaka nyaya mbili za umeme ambazo pawa saplai yangu ya wati 290 haikuwa nazo. Nikanunua waya wa kuunga. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano, katikati ya harusi ya watu, ulisikika mlio mfupi kama wa njugu ikipasuka kwenye kikaango, ukafuatwa na harufu. Pawa saplai ilikufa. Kompyuta hizi za ofisi nyingi zina plagi za aina yake. Huwezi kuingia dukani na kuchukua yoyote. Nilikaa siku kumi na moja nikisubiri nyingine ya mtumba kutoka Dar, tarehe ya wateja ikapita, nikarudisha malipo ya awali. Mama wa bibi harusi hakunifokea. Alisema tu, "Haya baba, tumepata picha za simu." Ningependa angefoka.

Hela ya kadi ile haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa mkopo wa kikoba cha mke wangu, na wanawake wawili wa mtaa huu walimdhamini. Kikoba hakisikilizi habari za pawa saplai. Jumatano ikifika, rejesho linatakiwa mezani.

Ndipo baba akaniita barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mambo matatu. "Hiyo kitu inakula umeme kiasi gani? Ikiharibika anaitengeneza nani? Na wewe unaitakia kazi gani hasa?" Nikamjibu kwa haraka haraka, kama watoto wanavyowajibu wazee kuhusu simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia kuhusu mwaka 1974.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine iliyobuniwa Marekani na kampuni ya RCA, kisha ikauzwa na Waingereza kwa jina lao. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mashine zenyewe, vipuri vyake na wataalamu wake vililipiwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa haba: bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwishoni mwa 1973, na ukame ukailazimisha nchi kununua chakula nje. Mwaka huo wa 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Aliyeitaka ilibidi aombe ruhusa maalumu. Televisheni nazo zilizuiwa Bara. Wakati Zanzibar walikuwa wakitazama televisheni ya rangi, sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo vyetu vya kwanza vikaanza kurusha matangazo.

Sasa hivi ni rahisi kuicheka marufuku ile, na nimewasikia vijana wenzangu wakiicheka. Nilitarajia baba naye aicheke, au aitetee kama wanavyofanya wazee wa rika lake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema ofisini kwao hawakuliona katazo siku lilipotangazwa. Mashine ilikuwepo na iliendelea kunguruma. Waliliona polepole, kila kipuri kilipoharibika. Msomaji wa kadi alianza kutafuna kadi, wakawa wanazirudia kwa mkono. Mtambo wa kuchapa ukakosa utepe. Fundi aliyekuwa akija kutoka nje akaacha kuja, na hapakuwa na Mtanzania aliyekuwa amefundishwa kuufungua mfuniko. Mwisho wake baba alihamishiwa masjala, akawa anabeba mafaili hadi alipostaafu.

"Kwa hiyo katazo lilikuwa baya," nikasema.

"Sikusema hivyo. Tulinunua kitu ambacho hatukuweza kukilisha wala kukitibu. Baadaye tukakataa kununua kingine. Hapo katikati hakuna aliyetuuliza sisi tuliokuwa tunakitumia."

Marufuku ilianza kulegea miaka ya 1980, uchumi ulipoanza kufunguliwa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, kikaleta maelfu ya vijana wanaohitaji kompyuta. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Kutoka kompyuta saba zinazohitaji kibali tumefika mahali ambapo mabaki ya ofisi za Ulaya yanapangwa kwenye vibaraza vya maduka. Lakini nilipofikiri maneno ya baba niliona kwamba jambo moja halijabadilika sana. Kile kinachotufikia bado kinaamuliwa mbali. Mtu fulani amefunga mgodi wake wa sarafu na kampuni fulani imebadilisha kompyuta baada ya miaka mitano, nasi tunapokea matokeo. Kitu pekee kinachobaki mikononi mwetu ni kuchagua, na mimi nilikuwa nimechagua kwa kuangalia ukubwa.

Nikarudi kwenye karatasi na kuanza upya kwa maswali ya baba.

Wachambuzi wa mitandaoni wanapozungumzia kadi ya daraja la kati wana kipimo chao. Mwaka 2021 RTX 3060, yenye GB 12, ilitoka kwa bei iliyotangazwa ya dola 329; RX 6600, yenye GB 8, ikatoka kwa bei hiyo hiyo. Ya kwanza inakula wati 170, ya pili 132. Ni kadi nzuri, na kwa mwenye boksi jipya na umeme tulivu, hapo ndipo katikati. Kwangu zote mbili zingehitaji pawa saplai nyingine, na pawa saplai nyingine ingehitaji boksi jingine. Katikati yao ilikuwa juu ya paa langu.

Swali la umeme lilinipa namba moja: 75. Tundu la kadi kwenye ubao mama linaweza kutoa hadi wati 75 bila waya wa ziada. Chochote kilicho ndani ya namba hiyo, pawa saplai yangu ingeweza kukilisha. Waliobaki walikuwa wachache. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ilikuwa na GB 4 na wati 75, ila umri wake ulikuwa umeenda. RX 6400 ya 2022 ilikuwa mpya zaidi, wati 53 tu, na nusura niinunue. Lakini swali la tatu, la kazi gani hasa, ndilo lililoniokoa. Kadi ile haina kabisa sehemu ya kubana video, jambo ambalo mcheza gemu halimsumbui lakini kwa mimi ni nusu ya sababu ya kununua. Tena huwasiliana na ubao kupitia njia nne tu, na kwenye ubao wa zamani kama wangu njia hizo zinapitisha nusu ya mzigo zilizobuniwa kupitisha.

Ikabaki GTX 1650 ya mwaka 2019: GB 4, wati 75, na inabana video. Kuna matoleo yake yanayotaka waya na mengine yasiyotaka, kwa hiyo nilimwomba muuzaji wa Kariakoo anitumie picha ya ubavu wa kadi kabla sijatuma hela. GB 4 ni kidogo kwa mtu wa picha za 4K. Wateja wangu wanatazama harusi zao kwenye simu na televisheni za sebuleni, nami naediti kwa HD. Nilitoa laki tatu na nusu, ambazo zilikuwa ndogo kuliko hasara ya mwanzo.

Swali la pili, la nani ataitengeneza, halikuwa na jibu zuri. Chipu ikifa, imekufa. Lakini feni naweza kuibadilisha mwenyewe, na kwa Dodoma feni ndiyo hutangulia. Kuanzia Juni upepo wa hapa huleta vumbi jekundu linalopita hata chini ya mlango uliofungwa. Nimejiwekea utaratibu: kila mwisho wa mwezi nafungua boksi uani na kulipulizia. Nimenunua pia stebilaiza na betri ya akiba ya dakika kumi. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, uliingia kwenye gridi, na mgao ukapungua. Hata hivyo betri sijaiondoa.

Kadi ilifika kwa basi, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya boksi la viatu. Baba alivuta kiti akakaa karibu nami nilipokuwa naichomeka. Aliishika kwanza, akaipima uzito mkononi, akaigeuza.

"Haina vitundu," akasema.

"Haina, baba."

Niliweka harusi ya kwanza saa mbili usiku. Saa nne kasoro ilikuwa imekamilika. Baba, ambaye hulala saa tatu, alikuwa bado amekaa akitazama mstari ukisogea kwenye skrini. Nilipomfungulia video alisogea mbele, akavaa miwani na kuuliza hiyo ni harusi ya nani. Nikamwambia. Akasema anamfahamu babu yake bwana harusi, walikuwa naye masjala.

Kikobani tumebakiza marejesho mawili.