Mtungi Ulivyohamia Ubavuni

Watu wa ukanda wa shaba wa Kongo, kama wale wa Kipushi, wanajua kuwa mgodi usiotolewa maji hufurika. Mwaka 2011 pampu za Kipushi zilipokufa, maji yalipanda, na ikabidi yatolewe kabla ya kazi kuendelea. Lakini mito ya mapangoni, chini ya ardhi, haikaushwi kwa pampu. Anayetaka kujua inakoelekea hana budi kuzamia.

Mwaka 1935, katika pango la Wookey Hole nchini Uingereza, Graham Balcombe na Jack Sheppard walizamia wakiwa na kofia nzito za chuma, huku hewa ikisukumwa kwao kwa mpira kutoka nje. Mpira huo uliwapa uhai, lakini ulipoishia ndipo safari ilipokoma. Mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan walibuni kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi. Mpira ukaondoka, mtungi ukapanda mgongoni.

Mgongoni palikuwa na tatizo jipya, kwa kuwa mtungi uligonga dari la vijia vyembamba. Kufikia miaka ya 1960 Waingereza walikuwa wakiifunga mitungi midogo mkandani, kando ya nyonga. Wapo wanaosema shabaha ilikuwa usalama wa kuwa na mitungi miwili isiyotegemeana. Naona wembamba wa njia ndio uliotangulia, pamoja na adha ya kubeba mizigo ukitambaa pakavu kati ya dimbwi na dimbwi. Usalama ulikuwa faida iliyogunduliwa baadaye, ingawa leo ndio unaowavuta wengi.

Mapango ya Florida, Marekani, yalidai jambo jingine: safari ndefu ndani ya maji, juu ya matope laini yanayotibuka kwa kuguswa tu. Mzamiaji alipaswa kulala sawasawa kama ubao. Kwa hiyo mitungi ilisogezwa juu hadi kwapani. Shingo ya mtungi ikavutwa na mpira unaonyumbuka, kitako kikashikwa kwa klipu kiunoni. Sasa vali zilikuwa mbele ya macho, na hewa ikivuja mzamiaji aliweza kufunga vali mwenyewe.

Mpangilio huo ulizaa nidhamu yake. Kila mtungi una kifaa chake cha kupumulia na kipimo chake, na mzamiaji hubadilisha mtungi anaopumulia njiani ili presha zisiachane mno. Theluthi ya hewa ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho ni akiba. Mtungi wa alumini huwa mwepesi kadiri unavyopungua hewa, kitako chake kikaelea; hapo mzamiaji huhamisha klipu mbele kidogo, nao hulala tena sambamba na ubavu.