Kezilahabi na tamthilia iliyosubiri miaka ishirini

Kaptula la Marx ilipochapishwa mwaka 1999, Ujamaa iliokuwa ikiukejeli ulikuwa umekwisha kuwekwa kando. Euphrase Kezilahabi alikuwa ameiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, sera hiyo ikiwa bado imeshika hatamu. Ndani yake, Rais Kapera anavaa kaptula ya Karl Marx isiyomtosha, kisha anafunga safari na mawaziri wake kuitafuta nchi ya Usawa. Kichekesho hicho kilikaa katika muswada takriban miaka ishirini.

Uchokozi wake haukuanzia hapo. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma seminari kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilimwonyesha binti aliyelelewa kwa kipigo na baba mlevi, akaharibikiwa mara tu alipoonja uhuru. Kwa kuwa ilitaja wazi mapenzi na utoaji mimba, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda.

Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji, na mwaka huohuo akawakera wanamapokeo kwa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) aligeukia vijiji vya Ujamaa, akaonyesha watu wanaohamishwa kwa nguvu na viongozi wanaohubiri wasiyoyatenda. Hakuupinga usawa, alichokataa ni kuuvisha umma nadharia isiyopimwa kwa maisha yao.

Baada ya kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, aliandika Nagona na Mzingile, riwaya fupi zilizojaa ndoto, visasili na falsafa. Wapo wasomaji waliozikimbia kwa ugumu wake, lakini ndizo zilizoifungulia riwaya ya Kiswahili njia mpya.

Tangu miaka ya 1990 alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki dunia Dar es Salaam Januari 2020.

Wengi wetu tulimsoma kwa ajili ya mtihani tu. Asomwe upya, na Kaptula la Marx irudi jukwaani: viongozi wanaovaa mawazo ya kuazima bila kuyapima bado tunao.