Kunyoosha misuli kabla ya kucheza dansi

Kunyoosha misuli kabla ya kucheza dansi ni sehemu ya maandalizi ya mwili yanayofanywa kabla ya mazoezi au onyesho. Lengo lake ni kuviwezesha viungo, hasa nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kufika mbali zaidi vinapokunjwa au kunyooshwa. Hata hivyo, namna ya kunyoosha na muda unaotumika vinaweza kuongeza au kupunguza nguvu ya mchezaji kwa kitambo.

Aina

Katika kunyoosha kwa kutulia, mchezaji huvuta msuli na kubaki hivyo bila kusogea, kwa mfano anapopiga msamba. Katika kunyoosha kwa mwendo, viungo husogezwa mfululizo, kama vile kubembeza mguu mbele na nyuma.

Athari

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na David Behm na wenzake mwaka 2016 yalionyesha kwamba kunyoosha kwa kutulia hupunguza utendaji wa misuli kwa wastani wa asilimia 3.7, na kunyoosha kwa mwendo huuongeza kwa asilimia 1.3. Msuli ukivutwa kwa sekunde 60 au zaidi, upungufu hufikia asilimia 4.6, chini ya hapo ni asilimia 1.1 tu. Sababu mojawapo ni kupungua kwa amri za neva zinazofika kwenye msuli. Vipimo vingi vilifanyika dakika chache baada ya kunyoosha.

Kwa wachezaji dansi wenyewe, utafiti wa Nicole Morrin na Emma Redding wa mwaka 2013 ulikuta kwamba kunyoosha kwa mwendo kulisaidia mruko na mizani ya mwili kuliko kunyoosha kwa kutulia. Kuchanganya aina zote mbili pia kulileta matokeo mazuri.

Matumizi

Mchezaji wa baleti huhitaji mambo mawili kwa pamoja: kuinua mguu juu sana na kuruka kwa nguvu. Kwa hiyo inafaa aanze kwa kupasha mwili moto, afuate kunyoosha kwa mwendo, kisha, akihitaji, avute kila msuli kwa sekunde chache na kumalizia kwa miruko midogo. Mazoezi marefu ya msamba yanafaa zaidi mwishoni mwa kipindi, wakati misuli ingali na joto na hakuna tena miruko inayosubiriwa.