Mcheza Ngoma Aliyeshika Kalamu

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mhariri amenitaka niandike habari ya historia, na si ya mpira, maana za mpira tunazo za kutosha kila toleo. Nimemchagua Twins Seven-Seven wa Nigeria. Kisa cha kumchagua mtakiona.

Bwana huyu, Taiwo Olaniyi kwa jina la nyumbani, alizaliwa mwaka 1944 katika kabila la Wayoruba. Jina la Twins Seven-Seven alijipa mwenyewe, akisema mama yake alizaa mapacha mara saba na katika wote hao amebaki yeye peke yake. Hakuanza kwa kuchora. Alikuwa akifuatana na mwuza dawa aliyezunguka mji hadi mji, kazi yake kucheza na kuimba ili watu wakusanyike na dawa ipate wanunuzi.

Mwaka 1964 safari hizo zilimfikisha Osogbo. Huko kulikuwa na klabu ya Mbari Mbayo, iliyoanzishwa mwaka 1962 na Duro Ladipo, mtunzi wa michezo ya kuigiza yenye muziki, pamoja na Mjerumani Ulli Beier. Kijana akaingia bila kualikwa, akacheza mpaka wenyeji wakamwomba abaki. Siku zile Georgina Beier alikuwa akifundisha uchoraji hapo hapo, naye mcheza ngoma akapewa kalamu.

Hebu tazameni picha zake mkizipata. Mizimu, wanyama wenye vichwa vingi, na kila kiwiliwili kimejazwa vijistari na vidoa hata usione mahali patupu. Kwangu mimi zile ni ngoma: mkono unarudia pigo lile lile, kisha unalipindua kidogo. Baadaye alikata mbao nyembamba na kuzibandika tabaka juu ya tabaka. Wala muziki hakuuacha. Aliongoza bendi, akaimba, akatoa sahani za santuri.

Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la Terre. Kisha mambo yakamwendea kombo huko Marekani, na mjini Philadelphia akawa mlinzi wa maegesho ya magari. Mwaka 2005 UNESCO ilimteua kuwa Msanii wa Amani. Alifariki Ibadan tarehe 16 Juni 2011.

Sasa kisa chenyewe. Mnamkumbuka mpiga ngoma wetu wa mwaka 1974, yule wa kitanda cha mlangoni. Alikuwa akichora pia, nyuma ya daftari la hesabu. Aliambiwa achague kimoja, naye akanyamaza. Jioni moja wakati wa prepo mimi, kiranja wa bweni, nilimnyang'anya daftari lile. Niliambiwa nilipeleke ofisini. Sikulipeleka, wala sikumrudishia. Nililitia chini ya tranka langu. Tangu siku ile sikumwona tena akichora, na ngoma aliiacha muhula uliofuata.

Katika mkutano wetu uliopita tulikaa meza moja. Aliniuliza habari za watoto, nami nikamjibu habari za watoto.

Daftari bado ninalo, kurasa 31 zina picha. Mwaka huu nitakuja nalo.