Kiwete wa Rabai

Mara kwa mara twasikia watu wakisema ya kwamba dini ya Kristo ni ya wenye elimu na mali, wala mnyonge hana nafasi ndani yake. Kwa hiyo naona ni vema tuikumbuke habari ya mtu wa kwanza aliyebatizwa katika misheni ya Rabai, karibu na Mombasa.

Dr. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, naye alikuwa na barua ya ruhusa ya Sayyid Said, Sultani wa Unguja. Kabla mwaka huo haujaisha mkewe Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Mwaka wa 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakapanda Rabai, wakapokewa na wazee, wakajenga huko.

Shauri la Krapf lilikuwa kubwa mno. Alitaka misheni zifuatane kama mnyororo toka pwani hii hata pwani ya magharibi. Wakasafiri bara, Rebmann akauona mlima wa Kilimanjaro mwaka wa 1848, na Krapf akauona Kenya mwaka wa 1849. Walizungumza na wazee na wafalme wengi, wakasikilizwa kwa adabu, walakini katika wakubwa hao hakubatizwa hata mmoja.

Aliyesikia ni Mringe, kiwete maskini wa Rabai. Mtu wa namna hii, katika nchi yo yote, haitwi watu wakikusanyika kwa shauri. Hawezi kuchukua mzigo wa safari, wala hana neno barazani la kuwavuta wengine. Krapf akaketi naye, akazungumza naye habari za Mungu, na Mringe akaamini. Mwaka wa 1851, alipokuwa mgonjwa karibu na kufa, akabatizwa, kisha akafa. Basi kwa hesabu ya wanadamu misheni ilipata mtu mmoja baada ya miaka saba, ikampoteza papo hapo.

Sote twajua habari ya Petro nyumbani kwa Kornelio. Pale mashaka yalikuwa juu ya taifa: je, asiye Myahudi aweza kupokewa? Lakini Kornelio alikuwa akida, mtu wa heshima, mwenye sadaka nyingi. Mringe hakuwa na kitu cha kuleta, hata siku za kutumika hakuwa nazo. Mimi naona swali la Rabai lilikuwa gumu kuliko lile la Kaisaria, kwa maana sisi wenyewe, ambao hatumkatai mtu kwa ajili ya kabila lake, mara nyingi twamwuliza moyoni: utatufaa nini?

Krapf aliondoka Rabai mwaka wa 1853 kwa sababu ya ugonjwa. Rebmann akabaki, mwaka baada ya mwaka, na Wakristo wake walikuwa wachache, hata wengine Ulaya wakadhani kazi yake ni bure. Macho yake yakafifia mpaka akawa kipofu. Mwaka wa 1875, baada ya miaka 29, akarudi kwao Ujerumani, na aliyemwongoza njiani ni Isaac Nyondo, mmoja wa Wakristo wale wachache.