Mtepe wenye misumari utatushuhudilia nini?

Mwanafunzi wangu mmoja alirudi kutoka Lamu na zawadi: mtepe mdogo wa mbao, urefu wake kama kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Unapendeza kweli. Omo refu lipo, macho yaliyochorwa yapo, tanga la mkeka la mraba nalo lipo. Nilipoupindua ndipo nikaguna. Mwili wote umechongwa katika kipande kimoja cha mti, mbao za ubavuni zimechorwa tu kwa kisu, kisha vikapigiliwa vijisumari kwa urembo.

“Tangu lini mtepe ukawa na misumari?” nikamuuliza.

“Prof, si ni mfano tu!”

Hapo ndipo tulipotofautiana. Mtepe wenyewe, chombo mashuhuri cha Wabajuni, ulitoweka baharini mapema katika karne ya 20. Sisi tusiouwahi tumebaki na picha, masimulizi na mitepe ya mfano iliyohifadhiwa katika makumbusho. Mfano basi ni hati ya kihistoria, na hati huweza kudanganya.

Mtepe uliundwa kwa kulaza mkuku kwanza. Kisha mbao za ubavuni zilipandishwa moja juu ya nyingine, zikashikizwa kwa vijiti na kushonwa kwa kamba za makumbi zilizopitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwa keekee. Matundu yakazibwa. Mataruma, yaani mbavu za ndani, yalifungwa baadaye. Fundi wa mfano anayeanza na mataruma kisha akagandisha mbao juu yake anapata umbo, lakini ameunda merikebu ya Kizungu iliyovaa sura ya mtepe.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu bado wapo wanaodai eti wenyeji walishona vyombo kwa kukosa chuma. Si kweli. Katika karne ya 12, al-Idrisi aliandika habari za chuma cha Malindi na Mombasa. Na zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus kilieleza kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na vyombo vilivyoshonwa. Kushona kulikuwa uamuzi wa fundi. Ubavu ulioshonwa hunepa chombo kikigusa mwamba au kikipwelewa mchangani, na kamba iliyochakaa hubadilishwa papo hapo. Gharama yake ilikuwa kuvuja. Mabaharia walifua maji bila kupumzika.

Nayo lugha inatukumbusha: nyumba hujengwa, chombo huundwa, vipande vikaletwa pamoja. (Siku hizi kitenzi hicho tumewaachia wanaounda kamati na tume.)

Kijana amekubali kuanza upya. Juzi alikuja ofisini na mkuku wenye mbao mbili kila upande, vidole vimechubuka, akilalamika kwamba matundu ya ubao wa tatu hayalingani na ya wa pili.