Takataka za Migombani

Hapa Hasamba, wilayani Mbozi, takataka zilikuwa na mahali pake: migombani. Maganda ya viazi, majivu, mabua na majani tuliyofungia nyama, vyote vilimwagwa kwenye mashina ya migomba, na mvua zilipoanza Novemba viligeuka mbolea. Mama zetu hawakungoja bwana shamba aje kuwafundisha. Migomba ilistawi, na kivuli chake kikaifaa kahawa.

Dukani tulikwenda na vyombo. Mafuta ya taa yalikuwa na chupa yake, chumvi ilifungwa kwenye karatasi, na nyama ilirudi imeviringishwa jani la mgomba na kufungwa kwa kamba ya mgomba huohuo.

Kisha ikaja lami ya barabara ya Tanzam, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Vwawa kuelekea Tunduma na Zambia. Bidhaa zikaongezeka, na miaka ilivyosonga rambo, yaani mifuko ya plastiki, zikajaa kila kibanda. Mfuko wa namna hiyo ulibuniwa Sweden na Sten Gustaf Thulin katika miaka ya 1960. Ulitufikia ukiwa wa bure, mwepesi, usiovuja, nasi tukaupenda. Baadaye vikafuata viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali. Vifungashio vilibadilika, lakini utupaji wetu ulibaki uleule: migombani.

Rambo hazikuoza. Nikilima shamba la marehemu baba, jembe huibua vipande vyeusi vilivyolaliana, na udongo chini yake ni mkavu hata katikati ya masika, kwa sababu maji hayapenyi. Jirani alichinja ng'ombe aliyekonda bila ugonjwa kujulikana. Tumboni tulikuta fundo la mifuko na nyuzi za katani, kubwa kama kichwa cha mtoto. Maji yalituama kwenye makopo na vifuniko, mbu wakazaliana humo. Wengine waliwashia plastiki moto wa jikoni, watoto wakiwa wameuzunguka. Moshi huo ni sumu, na plastiki zenye klorini, kama PVC, zikiungua hutoa dioksini, kemikali zinazosababisha saratani.

Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Aprili 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni Mei 31, na Juni 1 katazo likaanza. Lilikuwa jambo jema, na vikapu vikaonekana tena sokoni.

Ila katazo halikugusa vifungashio vya kilimo, na kilimo ndicho maisha yetu. Mche wa kahawa hukuzwa kwenye kiriba cha plastiki nyeusi. Siku ya kupanda, mkulima hukichana kwa wembe, mche ukaingia shimoni na udongo wake, naye akasogea shimo linalofuata. Kiriba kilichochanwa hubaki chini. Mvua hukifukia, na palizi ijayo jembe hukikatakata vipande ambavyo hakuna atakayeweza kuviokota.

Kwa hiyo nawaomba wakulima wenzangu wa Mbozi: msimu huu tupande tukiwa na gunia pembeni, na kila kiriba kiingie humo kabla ya kusogea shimo jingine. Nayo halmashauri itutengee mahali pa kuvipeleka, kwa sababu tukivichoma wenyewe tutakuwa tumeutoa uchafu ardhini na kuuingiza vifuani mwa watoto wetu.